Kenya: Uelewa wa usonji wapanuka, fedha za elimu maalumu zabaki nyuma

Kila mwaka ifikapo Aprili 2, Kenya huungana na mataifa mengine kuadhimisha Siku ya Kimataifa ya Uelewa kuhusu Usonji. Fulana za buluu huvaliwa, wazazi huhojiwa redioni, matembezi hufanyika mjini na viongozi hutoa ahadi. Maadhimisho hayo huangukia mwishoni mwa muhula wa kwanza wa masomo, wakati walimu wakuu wanapofunga hesabu za shule zao. Nafasi halisi ya mtoto mwenye usonji katika elimu ya nchi hiyo huonekana zaidi katika hesabu hizo kuliko katika hotuba za siku yenyewe.

Kampeni za uelewa zimefanya kazi kubwa, na kufanikiwa kwake kumezaa tatizo ambalo halikuwapo awali. Mzazi aliyeambiwa kwa miaka mingi amtoe mtoto wake nyumbani na kumpeleka shuleni hatimaye ameshawishika. Anapofika langoni, anaelezwa kwamba kitengo maalumu kimejaa, au kwamba mwalimu aliyesomea kazi hiyo ni mmoja tu, au kwamba mtoto atapokewa endapo familia italeta na kulipa msaidizi wake yenyewe.

Wazazi waliotangulia

Miongo miwili iliyopita jina lenyewe la usonji lilikuwa geni masikioni mwa Wakenya wengi. Mtoto aliyechelewa kusema, asiyemtazama mtu machoni, anayerudia kitendo kimoja kwa muda mrefu au anayeziba masikio na kulia kwa sababu ya mlio wa kawaida, aliitwa mtukutu, zezeta, au aliyerogwa. Wapo waliofichwa ndani. Wapo pia akina mama walioachwa na waume zao kwa madai kwamba mkosi umetoka ukoo wa mke.

Mwaka 2003 wazazi waliokuwa wakipitia hali hiyo waliunda Chama cha Usonji cha Kenya, na miongoni mwa matunda ya awali ya juhudi zao ni kitengo cha watoto wenye usonji katika Shule ya Msingi ya City, jijini Nairobi. Mwanzo huo una maana yake. Elimu ya usonji katika shule za umma haikuteremshwa na Wizara. Ilipandishwa na wazazi, ndani ya majengo ya serikali, kwa michango ya watu binafsi. Mtindo huo haujabadilika sana tangu wakati huo, na ndiyo sababu vitengo vingi bado vinategemea ari ya mwalimu mkuu mmoja au ya mzazi mwenye sauti katika bodi ya shule. Mwalimu huyo akihamishwa, kitengo huyumba.

Siku ya Aprili 2 ilikuja baadaye. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliipitisha kwa azimio namba 62/139 la Desemba 18, 2007, lililopendekezwa na Qatar, na maadhimisho ya kwanza yakafanyika mwaka 2008. Azimio hilo liliyataka mataifa kueneza uelewa, lakini halikuweka wajibu wowote wa bajeti.

Kilichoeleweka na kilichopotoshwa

Usonji ni tofauti ya ukuaji wa ubongo inayogusa mawasiliano, mahusiano na watu na namna mtu anavyopokea sauti, mwanga au mguso. Upana wake ni mkubwa mno. Yupo asiyetamka neno hata akiwa mtu mzima, na yupo anayehitimu chuo kikuu huku akitaabika kuelewa utani wa wenzake. Daktari Leo Kanner aliyeeleza hali hiyo kwa watoto mwaka 1943 alifuatwa na kizazi cha wataalamu wa Magharibi waliowatupia lawama akina mama kwamba hawakuwapenda watoto wao vya kutosha. Dhana hiyo ilikwisha kutupwa. Kwa hiyo Mkenya anayemlaumu mama kwa laana hana upofu wa pekee. Vyuo vikuu vya Ulaya na Marekani vilifanya hivyohivyo kwa lugha ya kitaalamu.

Upotoshaji wa pili ulitoka Uingereza. Mwaka 1998 jarida la The Lancet lilichapisha utafiti wa Andrew Wakefield uliohusisha usonji na chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela. Utafiti huo ulifutwa na jarida hilo mwaka 2010, na mwandishi wake akaondolewa katika orodha ya madaktari nchini humo mwaka huohuo. Madai yake hata hivyo yangali yakisambaa katika makundi ya WhatsApp ya Afrika Mashariki. Septemba 2025 Rais Donald Trump wa Marekani aliwatahadharisha wajawazito wasitumie parasetamoli akidai inahusiana na usonji, na Shirika la Afya Duniani, WHO, likajibu kwamba hakuna ushahidi thabiti wa uhusiano huo. Dawa hiyo imo katika kila duka la dawa la mtaani, na kwa mjamzito mwenye homa ndiyo ya kwanza kuifikiria.

Madhara ya uvumi wa namna hii hayaishii kwenye hofu. Nguvu za wanaharakati ambazo zingeelekezwa kudai walimu huishia kukanusha habari za uongo. Fedha kidogo za familia nazo huenda kwa anayeahidi tiba ya kuponya, awe mganga, mhubiri au muuzaji wa lishe maalumu, ilhali usonji hauna dawa ya kuuondoa. Kinachosaidia ni mafunzo ya mapema na ya muda mrefu: kumfundisha mtoto njia ya kuwasiliana, kujihudumia, kustahimili mabadiliko ya ratiba na kukaa na wenzake. Mafunzo hayo yanahitaji watu waliosomea, na watu wanahitaji mishahara.

Watoto wasiohesabiwa

WHO inakadiria kuwa mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Nchini Marekani, ambako uchunguzi hufanyika kwa wingi zaidi, takwimu zilizotolewa Aprili 2025 zilionyesha mtoto 1 kati ya 31 wa umri wa miaka 8 katika maeneo yaliyofuatiliwa. Kenya haina takwimu ya kitaifa ya aina hiyo. Sensa ya 2019 ilihesabu watu milioni 47.6, na ikaripoti kwamba asilimia 2.2 ya wenye umri wa miaka 5 na zaidi, yaani takriban watu 900,000, walikuwa na ulemavu. Maswali ya sensa yalihusu kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia na kuwasiliana. Usonji haukuwa na kisanduku chake. Watoto wa chini ya miaka 5, ambao ndio wanaoonyesha dalili za kwanza, hawakuingizwa kabisa katika hesabu hiyo.

Makadirio ya WHO yakitumiwa juu ya idadi hiyo ya watu, Wakenya wenye usonji wangekaribia 375,000. Ni hesabu ya makisio, na haiwezi kuchukua nafasi ya utafiti. Hata hivyo inatosha kuonyesha ukubwa wa pengo kati ya watoto waliopo na viti vilivyopo.

Anayetaka mtoto wake atambuliwe rasmi hupelekwa katika kituo cha tathmini ya elimu. Mfumo wa vituo hivyo ulianzishwa mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark, ukafuatiwa mwaka 1986 na Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya, KISE, yenye makao yake Kasarani, Nairobi, ambayo hadi leo ndiyo nguzo ya mafunzo ya walimu wa fani hiyo. Mfumo ulijengwa zama ambazo macho yalikuwa kwa wasioona, wasiosikia, wenye ulemavu wa viungo na wenye ulemavu wa akili. Uziwi hupimwa kwa kifaa na majibu hupatikana siku hiyohiyo. Usonji hauna kipimo cha damu wala mashine. Hutambuliwa kwa kumtazama mtoto kwa makini, kuwahoji wazazi na kukutanisha wataalamu wa fani tofauti. Afisa mmoja wa kituo, mwenye foleni nje ya mlango, hana muda huo. Ndipo watoto wengi huandikwa kuwa na ulemavu wa akili, au huandikwa hawana tatizo ila utundu, na makosa hayo huwafuata shuleni.

Shilingi 310 kwa mwezi

Kenya ilianza elimu ya msingi bila malipo Januari 2003 kwa kutenga shilingi za Kenya 1,020 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Kiwango hicho baadaye kilipanda hadi 1,420. Mwanafunzi wa shule ya msingi mwenye mahitaji maalumu huongezewa 2,300. Jumla ni 3,720 kwa mwaka, sawa na shilingi 310 kwa mwezi.

Nyongeza hiyo hutolewa kwa mkupuo sawa bila kujali aina ya mahitaji. Mtoto mwenye uoni hafifu, mtoto anayetumia kiti cha magurudumu na mtoto mwenye usonji asiyezungumza, wote huhesabiwa shilingi 2,300. Lakini gharama zao hazifanani. Kwa ulemavu wa viungo au wa kuona, sehemu kubwa ya gharama ni vitu: njia ya mteremko, mashine ya nukta nundu, vitabu vya maandishi makubwa. Vitu hununuliwa mara moja vikatumika miaka. Kwa usonji, gharama kubwa ni binadamu. Darasa lenye wanafunzi 50 na mwalimu mmoja haliwezi kumhudumia mtoto anayehitaji kuongozwa hatua kwa hatua hata kwenda msalani. Anahitaji darasa dogo, mwalimu aliyesomea, msaidizi, na mara kwa mara mtaalamu wa tiba ya usemi na mwenzake wa tiba kwa vitendo, yaani anayemfunza mtoto shughuli za kila siku kama kuvaa, kula na kushika kalamu.

Walimu huajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu, TSC. Msaidizi wa darasani hayumo katika ajira hiyo. Kama watumishi wengine wasio walimu, huajiriwa na bodi ya shule. Bodi humlipa kwa fedha gani? Ama kwa mgao huo mdogo, ama kwa kuwageukia wazazi. Elimu inayoitwa ya bure hugeuka kuwa na bei kwa familia yenye mtoto mwenye usonji, na familia hiyo aghalabu imekwisha kupoteza kipato kimoja kwa kuwa mzazi mmoja amebaki nyumbani. Kaya zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa zinaweza kusajiliwa katika mpango wa Inua Jamii na kupokea shilingi 2,000 kwa mwezi, fedha ambazo hazikulengwa kumlipa mtu mshahara.

Ukitazama ngazi za juu, mpangilio unashangaza zaidi. Katika sekondari, mgao wa kila mwanafunzi ni shilingi 22,244, na mwenye mahitaji maalumu huongezewa 35,730 hadi kufikia 57,974. Nyongeza ya sekondari ni zaidi ya mara 15 ya ile ya msingi. Utetezi wake upo: wanafunzi wengi wa sekondari maalumu hulala bweni, na gharama za bweni ni kubwa. Kwa kiziwi au asiyeona aliyefaulu mitihani, fedha hizo ni haki yake na hazipaswi kuguswa. Lakini kwa usonji mantiki imepinduka. Wakati wa kumsaidia mtoto mwenye usonji ni miaka ya mwanzo, na hapo ndipo mfuko unapokuwa mwepesi. Wale ambao hawakusaidiwa wakiwa wadogo ni wachache mno watakaofika sekondari kuzikuta hizo 57,974.

Jopo lililoundwa na Rais William Ruto kuhusu mageuzi ya elimu, chini ya Profesa Raphael Munavu, lilipendekeza mwaka 2023 kwamba mgao wa kawaida wa msingi upandishwe kutoka 1,420 hadi 2,238. Upepo wa fedha umevuma upande mwingine. Julai 2025 Waziri wa Fedha, John Mbadi, aliwaambia wabunge kwamba serikali haimudu kutoa kikamilifu zile 22,244 za sekondari na kwamba kilichopo kinatosha kama 16,900 kwa mwanafunzi. Kauli hiyo ilizua mjadala mkali kuhusu mustakabali wa elimu ya bure. Katika mjadala huo wanafunzi wenye mahitaji maalumu walitajwa kwa nadra, ingawa shule zao ndizo zisizo na pa kupunguza: huwezi kumwacha msaidizi nusu muhula ukamrudisha fedha zikija.

Mtoto wa kaunti, mwanafunzi wa serikali kuu

Katiba ya Kenya ya 2010 inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na kifungu cha 54 kinawapa watu wenye ulemavu haki ya kuingia katika taasisi za elimu zilizojumuishwa katika jamii kwa kadiri inavyowafaa. Katiba hiyohiyo iligawa kazi. Jedwali la nne liliiachia serikali kuu shule za msingi, sekondari na elimu maalumu. Elimu ya awali, yaani chekechea, pamoja na huduma nyingi za afya, zikaenda kwa kaunti 47.

Kwa mtoto wa kawaida mgawanyo huo hauleti shida kubwa. Kwa mtoto mwenye usonji ni mpasuko unaopita katikati ya utoto wake. Akiwa na miaka 2 hadi 5, dalili zinapoonekana, yuko mikononi mwa kaunti: kliniki ya kaunti, chekechea ya kaunti. Elimu maalumu ni kazi ya serikali kuu, kwa hiyo kaunti inaweza kujitoa kwa hoja halali ya kisheria. Kituo cha tathmini ni cha Wizara ya Elimu. Mtaalamu wa tiba kwa vitendo ni mwajiriwa wa hospitali ya kaunti. Hakuna mlango mmoja. Mama wa mtoto wa miaka 3 katika kaunti iliyo mbali na Nairobi hubeba faili lake kutoka ofisi hadi ofisi, na kila ofisi humwelekeza kwingine bila ya kusema uongo.

Sera ya mwaka 2018 kuhusu wanafunzi wenye ulemavu ilikusudia kuziunganisha ngazi hizo na kusisitiza elimu jumuishi. Mei 2025 Rais Ruto alitia saini Sheria mpya ya Watu wenye Ulemavu iliyochukua nafasi ya ile ya 2003, nayo inazipa wajibu serikali kuu na kaunti kwa pamoja. Wanaharakati waliipigania kwa miaka. Kipimo chake kitakuwa iwapo kaunti zitaanza kuandika elimu ya awali ya watoto wenye ulemavu kama kifungu cha matumizi katika bajeti zao, kwa sababu sheria isiyo na kifungu cha bajeti haimfikii mtoto aliye darasani.

Harambee na mipaka yake

Pengo hilo Wakenya wamelijaza kwa njia wanayoijua. Harambee ilijenga shule nyingi za nchi hiyo tangu uhuru, na roho yake ingali hai katika chakula cha jioni cha hisani, mbio za kilomita 5 na 10, na namba ya M-Pesa inayozungushwa simuni. Vituo binafsi vya usonji, vitengo vya shule na vikundi vya wazazi vyote vimefaidika. Si haki kubeza michango hiyo. Bila hiyo watoto wengi wasingekuwa na darasa hata leo.

Lakini fedha za harambee zina tabia yake. Hupenda kitu kinachopigwa picha: basi la shule, chumba chenye vifaa vya rangi, paa jipya. Huja Aprili na kupungua Mei. Mchangiaji hupata furaha ya kuona alichokinunua, na mshahara wa msaidizi wa darasani wa mwezi Oktoba hauonekani popote. Hivyo hutokea kwamba kitengo kina chumba kizuri cha utulivu kilichotolewa kwa hisani, na hakina mtu wa kukaa humo na mtoto.

Kuna na la siasa. Katikati ya maandamano ya vijana mwaka 2024, Rais Ruto alitangaza Julai kwamba maafisa wa serikali na watumishi wa umma wasishiriki harambee, kwa sababu michango mikubwa ya wanasiasa ilikwisha kuhusishwa na rushwa. Hatua hiyo ilipokewa vyema na wengi. Kwa shule maalumu iliyokuwa ikimtegemea mbunge kama mgeni wa heshima, ilikuwa ni kufungwa kwa mfereji mmoja wa fedha bila ya kufunguliwa mwingine. Kilichofichuka ni udhaifu wa awali: huduma iliyo haki ya kikatiba haikupaswa kusubiri ukarimu wa mgeni wa heshima.

Hali kwa majirani

Tanzania nayo ina vitengo vya usonji ndani ya shule za kawaida, ikiwamo Shule ya Msingi Msimbazi Mseto jijini Dar es Salaam, na Chuo cha Ualimu Patandi mkoani Arusha kimekuwa chimbuko la walimu wa elimu maalumu. Elimu bila ada ilianza mwaka 2016, na Mkakati wa Taifa wa Elimu Jumuishi ulipangwa kwa kipindi cha 2021/2022 hadi 2025/2026. Mbio za Run4Autism huandaliwa Dar es Salaam na taasisi ya Lukiza Autism Foundation kwa nia ileile ya kuelimisha na kuchangisha. Tofauti kati ya nchi hizi mbili haiko katika moyo wa kuchangia. Iko katika muundo, kwani Tanzania haina kaunti za kugawana nazo kazi za elimu kikatiba, na kwa hiyo lawama na uwezo wa kurekebisha hukaa karibu zaidi.

Uganda inatoa funzo la aina nyingine. Sheria yake ya watu wenye ulemavu ya mwaka 2006 iliagiza kwamba si chini ya asilimia 10 ya matumizi yote ya elimu ielekezwe kwa mahitaji ya wanafunzi wenye ulemavu. Ilikuwa miongoni mwa ahadi kubwa kabisa barani, na utekelezaji wake haukuikaribia. Sheria hiyo ilikuja kubadilishwa na nyingine mwaka 2020. Utajiri peke yake nao hautoshi. Bunge la Marekani liliahidi mwaka 1975 kugharamia hadi asilimia 40 ya gharama za ziada za elimu maalumu, na nusu karne baadaye mchango wa serikali ya shirikisho hauvuki asilimia 15. Mzigo uliobaki hubebwa na majimbo na wilaya za shule, ambazo angalau zina kodi zake za kuubeba.

Baada ya darasa

Mtaala mpya wa Kenya unaozingatia umilisi umeleta jambo moja la manufaa. Mwanafunzi mwenye mahitaji maalumu anaweza kufuata mkondo wa umri, akisoma kama wenzake kwa marekebisho, au mkondo wa hatua, ambao hupimwa kwa kile anachoweza na kumpeleka kidogokidogo kuanzia stadi za awali hadi maandalizi ya ufundi na ufundi wenyewe. Kwa wengi wenye usonji, mkondo wa pili ni nafuu kubwa kulinganisha na zama ambazo mtihani mmoja wa darasa la nane uliamua kila kitu. Kijana anaweza kuhitimu akijua kuoka, kufuma, kutunza bustani au kufanya kazi ya kompyuta inayohitaji uangalifu wa kurudiarudia.

Ila mkondo wa hatua unahitaji karakana, na karakana inahitaji mkufunzi anayeelewa usonji. Ajira nazo ni haba hata kwa vijana wasio na changamoto yoyote. Kampeni nyingi bado zina sura ya mtoto mdogo katika mabango yake, kana kwamba usonji huisha mtu akiota ndevu. Watoto wa kwanza wa vitengo vya miaka ya 2000 sasa ni watu wazima, na wazazi wao wanazeeka. Swali la nani atamtunza mtu wa miaka 30 mama yake akifariki husemwa kwa sauti ya chini katika vikao vya wazazi, na halina wizara inayolimiliki.

Mambo yanayoweza kufanyika mara moja si ya gharama ya kutisha. Nyongeza ya mgao inaweza kupangwa kwa uzito wa mahitaji badala ya mkupuo mmoja, ili mtoto anayehitaji msaidizi ahesabiwe tofauti na anayehitaji miwani. Msaidizi wa darasani anaweza kutambuliwa kama kada yenye mafunzo mafupi na mshahara wa umma. Kaunti na vituo vya tathmini vinaweza kutia saini makubaliano ya kuwa na mtaalamu wa tiba siku maalumu za wiki. Sensa ijayo inaweza kuongeza swali.

Chini ya sheria za fedha za Kenya, makadirio ya bajeti ya mwaka unaoanza Julai 1 hupaswa kuwa yamefikishwa Bungeni kufikia Aprili 30, na wananchi wana haki ya kutoa maoni kabla ya kupitishwa. Kati ya siku ya usonji na siku hiyo kuna majuma manne pekee. Katika makadirio hayo, chini ya elimu ya msingi, ndimo inamoamuliwa kama zile shilingi 2,300 zitabaki zilivyo.